Nikitoboa kopo linabonyea, nikilipaka rangi linashika kutu. Nakosea wapi?

Cherehani_Moro

Habari zenu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, Kihonda. Kazi yangu ina misimu: Desemba na Januari nashona sare za shule mpaka macho yanatoka machozi, halafu kuanzia Februari nakaa kibarazani nahesabu bodaboda zinazopita. Mwaka huu nikasema sikai bure.

Wazo nililipata kwenye harusi ya binti wa jirani. Mpambaji alikuwa amepanga mezani vitaa vilivyotobolewa maua, rangi ya dhahabu, mshumaa ndani. Taa za ukumbi zilipozimwa ili bibi harusi aingie, ukuta mzima ukajaa nyota. Nikamfuata mpambaji kuuliza bei. Akasema hauzi, anakodisha, kila kimoja elfu mbili kwa usiku mmoja. Nikageuza kimoja nikaangalia kitako. Kopo la maziwa ya unga! Yaleyale tunayotupa. Nikajiambia, mimi mwenye miaka 16 ya kushika sindano, kopo litanishinda?

Limenishinda.

Makopo ninayo. Mama muuza chai wa jirani ananiwekea ya gramu 400 na yale makubwa ya kilo mbili na nusu. Nachora kwa kalamu ya maka, nachukua msumari na nyundo, natoboa. Basi kopo linabonyea, ua linakuwa kama limekanyagwa. Nikajaza mchanga, likabonyea vilevile. Mtu akanishauri nijaze maji nigandishe. Nikagandisha, asubuhi kitako kimevimba kama mkate wa kumimina, kopo likikaa mezani linacheza.

Yale machache yaliyonyooka nikayapuliza rangi ya dhahabu. Yalipendeza wiki mbili. Wiki ya tatu rangi inabanduka kwa kucha, na kila tundu limezungukwa na kutu ya rangi ya chai.

Lililoniuma zaidi ni hili. Moja nililifupisha kwa mkasi ili liwe la mshumaa mdogo, nikamuuzia mteja wangu wa magauni. Mtoto wake akalichezea, mdomo wa kopo ukamkata kidole. Nilirudisha pesa yote na kuomba radhi, lakini tangu siku hiyo naona aibu kupita kwake.

Mwenye kuijua kazi hii anisaidie. Na nyie mnaouza, mnajibu nini mtu akikwambia "si kopo tu hili"?

Mtaa_wa_Pili

Dada yangu, taa za plastiki za betri zimejaa Kariakoo, zinawaka rangi saba. Chukua dazeni bei ya jumla uze. Mambo ya kujikata vidole kwa ajili ya kopo ya nini?

FundiBati_Tanga

Mwanangu wa Morogoro, nimelisoma swali lako mara mbili. Kwenye mkate wa kumimina nilicheka, kwenye kidole cha mtoto nikaweka simu chini. Tuanzie hapo kwenye kidole, kwa sababu hata mimi nilianzia hapo. Na kama huyo mtoto hakumaliza chanjo zake, mama yake ampeleke zahanati. Pepopunda haiangalii udogo wa kidonda.

Nilianza kazi ya bati Gerezani, Dar, mwaka 1983. Kwa miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa kuchemsha chai na kushikilia bati lisitikisike wakati mkubwa wangu anakata. Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa kukata wala kuunga. Alinipa vipande vya makopo, akaniambia kunja ukingo. Nikikunja anapitisha kidole gumba chake mwenyewe pembeni. Kikikwaruza, anatupa. Nilikunja wiki mbili.

Wewe ni fundi cherehani, kwa hiyo sitakufundisha, nitakukumbusha. Utampa mteja gauni ambalo halina pindo? Basi bati nalo lina pindo. Ukikata kopo kwa mkasi umekata kitambaa, nguo bado. Acha nusu sentimita juu ya mstari wako, hiyo ndiyo utakayoikunjia ndani. Ila usiikunje yote kwa mkupuo mmoja. Zunguka na koleo ukiinamisha kidogo, zunguka tena, mara ya tatu ndipo uilaze kabisa kwa nyundo ya mbao. Ukikosa nyundo ya mbao, mchi mdogo wa kinu unafaa.

Sasa sikiliza, hapa utanielewa kuliko mafundi wengi wa kiume niliowafundisha. Ukikunjia ndani kwenye mviringo, bati linajaa, linafanya makunyanzi. Kwa hiyo unatoa vipembe vidogo vidogo kama herufi V, sawasawa na unavyopunguza kitambaa ndani ya kola. Ukikunjia nje ni kinyume chake: bati linavutwa mpaka linapasuka, basi unalichanja michanjo iliyonyooka lipate kufunguka, kama shingo ya duara unapoigeuza. Kazi hii unayo mikononi tayari, umebadilishiwa kitambaa tu.

Kuna na pindo la waya. Hilo ndilo lililokuwa kwenye mdomo wa ndoo za bati na vikombe vya zamani. Unaweka waya, unauviringishia bati juu yake. Waya wa milimita 2 unataka bati la ziada milimita 5, ni mara mbili na nusu ya unene wa waya. Kopo lenye pindo la waya halibonyei mdomo hata likianguka. Lakini kwa mwanzo usikate kabisa. Mdomo wa kopo la maziwa kiwanda kimeshaukunja vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Kama unataka taa fupi, tafuta kopo fupi.

Kubonyea. Mchanga wako ulikuwa mkavu. Mchanga mkavu ukiupiga unakimbia pembeni, kopo linabaki peke yake. Barafu inafanya kazi, ila maji yakiganda huongezeka karibu sehemu moja ya kumi. Tena juu huganda kwanza, yanafunga mlango, yaliyobaki ndani yanasukuma kitako. Ukipenda njia hiyo, gandisha kwa awamu: weka maji vidole viwili, yagande, ongeza vidole viwili, hivyohivyo, na juu uache nafasi. Ukitoboa, laza kopo juu ya taulo lililokunjwa lisiteleze.

Mimi barafu situmii. Umeme wenyewe mnaujua. Natumia gogo. Una ule ubao mwembamba wa kupigia pasi mkono wa shati? Ndiyo hiyo hiyo. Tafuta tawi la mwembe, jembamba kidogo kuliko mdomo wa kopo, lifunge kwenye meza lichomoze kama mkono. Mimi nalibana kwenye jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania kazi. Wewe fungia kwa kamba za mpira za baiskeli. Livishe kopo kama unavyovisha mkono wa shati. Mti unagusa bati pale tu unapopiga, na pale pale ndipo unapouhitaji. Msumari uzame kwenye mti kidogo, kila tundu kina kile kile. Ukizamisha mmoja sana na mwingine kidogo, usiku mwanga utakuumbua.

Msumari tumia wa zege, hauchoki haraka. Uwe nao wa unene wa namna mbili tatu, ua lote la tundu moja linachosha macho. Usipige juu ya mshono wa kopo, ule mstari ulionyooka toka mdomo mpaka kitako. Pale ni pagumu, msumari unateleza. Mshono ufanye mgongo wa taa, uso uwe upande wa pili.

Na usichore kwa maka moja kwa moja kwenye kopo. Kopo la gramu 400 mzunguko wake ni sentimita 31 au 32, pima kwa futi yako ya ushonaji. Kata karatasi saizi hiyo, chora humo, bandika kwa gundi ya karatasi, toboa juu ya karatasi. Ukimaliza loweka, inatoka.

Kutu nitaijibu kesho, macho yamechoka na kioo cha simu hii.

Wewe Mtaa wa Pili, taa ya rangi saba ikifa betri utaitengeneza na nini?

Mtaa_wa_Pili

Nanunua nyingine mzee 😂

Juakali_Gikomba

Salamu kutoka Nairobi. Mzee amemaliza yote, mimi naongeza tu kidogo. Huku tunasema mkebe, na mkebe wetu mkubwa ni ule wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Watu waliupimia mahindi na maharagwe sokoni mpaka ukapata jina lake, gorogoro. Mimi nauza gorogoro zilizopakwa rangi kama za kuweka mwiko na vijiko jikoni. Wateja wangu wengi ni watu wa nyumba za kupanga, wale wa chumba kimoja ambao jikoni ni kona.

Karakana yetu iko karibu na Kamukunji, kwa hivyo siku nzima ni nyundo za watu wa masanduku na majiko. Ukitaka kuongea na mteja unamvuta nje. Lakini hapo ndipo niliokota mbinu nyingi bila kulipa karo.

Moja ni ya mikebe ya soda. Dada, chukua sumaku. Ikishika, huo ni mkebe wa chuma, fuata ya mzee. Isiposhika hiyo ni alumini, na alumini ni rahisi kwako kabisa, inakatwa na makasi ya kawaida kama karatasi nzito. Kata juu, kata chini, fungua katikati upate bamba. Lilaze juu ya slipa kuukuu, upande wa rangi ukiangalia juu, kisha chora na biro iliyoisha wino. Inazama, ukigeuza ua limetokeza. Natengeneza maua, fremu za kioo, majani ya kuning'iniza dirishani. Haishiki kutu ile nyekundu, hata ukiiweka nje.

Ubaya wake ni kwamba ukingo wa alumini ni wembe. Kunja milimita 3 kila upande kabla ya kuanza kuchora, si baada. Na usiweke moto karibu, ile rangi ya kiwanda na ngozi ya plastiki ya ndani zinanuka vibaya.

Jambo lingine, mikebe ya dawa ya kunyunyizia wadudu na ile ya marashi usiiguse kabisa, hata kama umbo lake ni zuri. Ina presha. Nimeona mmoja ukilipuka kwenye moto wa takataka, ukapita juu ya ukuta wa jirani.

FundiBati_Tanga

Nimerudi. Kijana wa Gikomba umesema vizuri kuhusu slipa. Sisi tulitumia tairi la baiskeli lililochanwa.

Haya, kutu. Kopo tunaliita bati, lakini si bati tupu. Ni chuma chembamba, hakifiki robo milimita, kilichopakwa bati halisi juu juu tu, utando mwembamba sana. Huo utando ndio unaozuia kutu. Kila ukipiga msumari umeutoboa, chuma kimebaki uchi pembeni mwa tundu. Wewe ulikuwa umejaza maji, barafu ikayeyuka humo humo, ukaliacha likauke lenyewe. Matundu 200 ni majeraha 200 yaliyolala na maji usiku kucha. Unaona?

Ukitoboa, kausha saa hiyo hiyo. Futa na kitambaa, weka juani, au kama hakuna jua liweke karibu na jiko lililozimwa likiwa bado na joto. Kisha tia msasa laini ndani na nje, si kwa nguvu, unataka tu ule mng'ao ufe. Rangi haishiki kwenye kitu kinachong'aa, na mafuta ya maziwa yalikuwa bado yamo. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga kabla ya yote, na baada ya msasa futa kwa tina, ile ya kuzimulia rangi. Usilishike tena kwa kiganja.

Halafu rangi ya msingi. Hiyo dada ndiyo uliyoiruka. Ile nyekundu ya mafundi geti inatosha, mkono mmoja mwembamba, ndani na nje, hakikisha imeingia kwenye matundu. Ikikauka ndipo dhahabu yako, mikono miwili miepesi. Mkono mmoja mzito ndio unaobanduka kwa kucha. Na usipulize jioni ya mvua, rangi inaweka ukungu mweupe na utadhani umeuziwa feki.

Kama ndani utawasha mshumaa, weka mchanga kidogo kitakoni, mshumaa ukae juu yake, na mdomo wa kopo uachwe wazi. Ukutani mwa ndani rangi ya kawaida itaungua na kutoa harufu. Kuna rangi ya kuvumilia moto, wanayopaka ekzosi za pikipiki. Hiyo ndiyo ya ndani. Au weka vitaa vidogo vya betri, huyu rafiki yetu wa Kariakoo akuuzie.

Usije ukachanganya kopo na bati la kuezekea. Lile limepakwa zinki. Ukilichoma au kulichomelea linatoa moshi mweupe, na jioni yake unapata homa na kutetemeka kama mtu wa malaria. Mimi lilinipata nikiwa kijana. Wakubwa walitupa maziwa tunywe. Maziwa tulikunywa kwa furaha, lakini kilichotuponya ni kutoka kwenye ule moshi.

Na lehemu, ile inayoyeyushwa kuungia bati. Ukitaka kuunga mkono wa taa au miguu mitatu, kopo linapokea lehemu vizuri sana. Ila lehemu tunazouziwa nyingi zina madini ya risasi ndani, ambayo ni sumu. Taa sawa, chombo cha maua sawa, kikombe cha mtoto hapana.

Uliuliza mtu akisema "si kopo tu hili". Mwanangu, mimi nimelea watoto wanne kwa makopo. Vibatari! Kopo dogo, kifuniko, kijibomba cha kupitishia utambi, mshono mmoja wa kukunja, kijishikio. Kwa siku nilitoa hata 40. Nilivitengeneza kwa jumla, wachuuzi wakavipeleka vijijini kwa viroba. Baadaye umeme ukafika, zikaja taa za sola, na siku moja nikajikuta nimekaa na viroba vitatu hakuna anayevitaka. Sikulaumu mtu. Moshi wa kibatari nimeuvuta, wanangu wamesomea humo, asubuhi pua nyeusi.

Sasa miaka ya karibuni alikuja mama mmoja mwenye nyumba ya wageni huku baharini. Akaviona vimetundikwa na vumbi lake. Akataka 12 vya kupanga kwenye baa, na akasisitiza visiwekwe mafuta ya taa, vikae tu. Alilipa kila kimoja bei ambayo zamani ningeuza kiroba kizima. Kopo ni lile lile na mkono ni ule ule. Nilimpa risiti mikono ikitetemeka.

Kwa hiyo mtu akikwambia ni kopo tu, usibishane. Mpe kopo tupu na msumari, mwambie "nami nakungoja". Mimi hufanya hivyo. Wawili walinunua.

Bustani_Mbezi

Niruhusuni kidogo, maana naona makopo makubwa ya kilo mbili na nusu hayajazungumziwa. Hayo ni vyungu vya maua. Mimi ninayo kama 30 ukutani, nimepanda basili, giligilani na zile purple za kujitambaza.

Kosa la wengi ni kutoboa tundu moja katikati ya kitako. Kopo likikaa kwenye sakafu tundu linaziba, maji yanatuama, mizizi inaoza. Toboa pembeni, sentimita moja juu ya kitako, matundu matano au sita kuzunguka. Chini weka kokoto. Na kwa sababu bati linashika joto, kopo linalopigwa na jua la saa nane linapika mizizi. Chomeka kopo dogo ndani ya kubwa, uache nafasi ya kidole katikati, au paka rangi nyeupe.

Makopo unayongoja kuyafanyia kazi yaweke kifudifudi. Mbu wa dengi anazaa kwenye maji kidogo tu ya kwenye kopo, na huyu huuma mchana, chandarua hakikusaidii. Dar tulimjua vizuri 2014 na tena 2019. Mimi nilikuwa na lundo la makopo nyuma ya nyumba nikijiita mhifadhi wa mazingira, kumbe nafuga.

Cherehani_Moro

Shikamoo mzee wangu wa Tanga. Samahani nimekaa kimya karibu mwezi, nilisema sirudi mpaka niwe na cha kuonyesha.

Gogo la mwembe nimelipata kwa jirani aliyekuwa anapogoa. Nimelifunga kwenye meza ya kukatia. Kopo la kwanza nililivisha nikacheka peke yangu, kweli ni mkono wa shati! Halikubonyea hata moja. Nimetoboa saba. La nne nilipitiwa nikapiga juu ya mshono, msumari ukateleza ukanigonga kucha, nikakukumbuka.

Michoro nimeiacha ile ya maua ya kwenye simu. Nimechukua kanga zangu. Uliposema pindo nikawaza, kwani kanga si ina pindo na mji? Karatasi ya sentimita 31 nikaigawa: pindo juu na chini kwa vitundu vidogo vilivyopangana, mji katikati ni korosho kubwa, nimeitoboa kwa misumari miwili, mnene pembeni, mwembamba ndani. Usiku korosho inaonekana ukutani kubwa kama mto wa kitanda. Binti yangu amekataa nisiiuze ya kwanza.

Rangi ya msingi nimepaka, ndani na nje, tina nimefutia. Wiki ya tatu leo, nje kibarazani na mvua hizi, kutu sijaiona. Kucha nimekwaruza mwenyewe, haibanduki.

Moja nimelifupisha nikalipiga pindo. Mara ya kwanza sikutoa V za kutosha likajikunyata kama kola ya mwanafunzi wangu wa kwanza. La pili likakubali. Nimempelekea yule mteja bure. Alipitisha kidole mdomoni kote kabla ya kusema asante. Sikukasirika.

Mpambaji wa ile harusi amechukua sita, amelipa elfu nane kila moja. Hakuuliza kama ni kopo. Ila ameniachia mtihani: ana harusi mwezi ujao, anataka mtindo wa kisutu, ile kanga ya harusi, na chini lipite jina kama kwenye kanga, maneno yatobolewe yasomeke ukutani. Nimejaribu kwenye karatasi. Herufi kama O na A nikizikata kwa patasi katikati panadondoka. Nikitoboa kwa vitundu ukutani maneno yanakuwa ukungu, hayasomeki. Na likisomeka kwenye kopo, ukutani si litakuwa limegeuka? Nifanyeje mzee?

FundiBati_Tanga

Marahaba mwanangu. Korosho kwenye kopo sijawahi kuiwaza miaka yote hii. Nitakuibia.

Kweli, litageuka. Nuru inatoka ndani kwenda nje, kwa hiyo jina linalosomeka kwenye kopo kwa nje, ukutani linatokea kinyume. Basi geuza mchoro wako, herufi zikae kinyume kwenye kopo, ukutani zitanyooka. Ila usiniamini. Chukua karatasi ngumu, iviringishe, kata herufi mbili, R na S, washa tochi ndani, uangalie. Dakika tano.

O na A usizikate zikazunguka. Acha vidaraja viwili, upana wa punje ya mchele, kama zile herufi za kupigia chapa kwenye magunia. Jicho linaziba lenyewe. Kata kwa patasi nyembamba juu ya gogo, kisha lainisha kwa tupa ndogo ya mviringo.

Ukungu unatokana na mshumaa, wala si kosa la vitundu. Mwali ni mpana na unacheza. Kwa maneno weka balbu moja ndogo kabisa, katikati hasa ya kopo, taa isogezwe karibu na ukuta, nusu mita hivi. Kadiri nuru inavyokuwa ndogo ndivyo herufi zinavyokuwa kali. Jina liwe fupi. Sentimita 31, ukitoa mgongo wenye mshono unabaki na kama 25, na herufi ya chini ya sentimita 2 usihangaike nayo.

Wamechagua jina gani?

Cherehani_Moro

"Tulia nawe nitulie." Nimehesabu, zinaingia mistari miwili. Naenda kutafuta tochi.